Kuathiri si Kuamua: Nafasi ya Uvutano wa Dunia katika Ukuaji wa Awali wa Kiinitete cha Chura

1.0 Utangulizi

Kila kiumbe aishiye juu ya uso wa dunia huzaliwa, hukua na kufa akiwa chini ya nguvu moja isiyokoma: uvutano wa dunia. Mwanga huja na kuondoka kwa zamu ya usiku na mchana. Joto hupanda na kushuka. Mvua hunyesha na kukatika. Uvutano hauna masika wala kiangazi. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kudhani kwamba nguvu iliyokuwepo daima ndiyo iliyouchonga mwili wa kila mnyama, na kwamba pasipo nguvu hiyo mwili usingejua mgongo ukae wapi na tumbo likae wapi. Je, dhana hii ina ukweli kiasi gani?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kumwangazia mnyama mmoja, yaani chura, katika saa za mwanzo kabisa za maisha yake. Chura ameteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, yai lake hurutubishwa nje ya mwili wa mama, hivi kwamba mtafiti anaweza kulitazama, kuligeuza na kulijaribu bila kumdhuru mzazi. Pili, yai lenyewe ni kubwa. Yai la Xenopus laevis, chura mwenye kucha anayetumiwa sana maabarani, lina kipenyo cha milimita 1.2 hivi na huonekana bila darubini. Tatu, yai hilo lina upande mzito na upande mwepesi, kwa hivyo huuitikia uvutano waziwazi. Asili ya Xenopus laevis ni kusini mwa Afrika, na jamaa yake wa karibu, Xenopus borealis, hupatikana hapa Kenya, Marsabit ikiwa miongoni mwa makao yake. Hivyo basi, ingawa majaribio yatakayoelezwa yalifanyika Ulaya, Marekani na hata angani, mnyama anayezungumziwa si mgeni kwetu.

Hoja kuu ya makala ni kwamba uvutano huathiri ukuaji wa kiinitete cha chura, na katika mazingira fulani huweza hata kuuelekeza, lakini kiinitete hakiuhitaji ili kijue mgongo wake uko wapi. Tofauti baina ya vitenzi hivyo vitatu, kuathiri, kuelekeza na kuhitaji, ndiyo kiini cha mjadala uliodumu kwa zaidi ya miaka 100.

2.0 Yai la Chura na Mpangilio Wake

Ili kuufahamu mjadala huo, sharti tulifahamu yai lenyewe. Yai la chura lina nusu mbili. Nusu moja ni nyeusi au ya hudhurungi kwa sababu ya rangi iliyo katika tabaka lake la nje. Nusu ya pili ni nyeupe, au ya manjano hafifu, na ndiyo iliyosheheni akiba ya chakula kitakachokilisha kiinitete. Chakula hicho kimo katika chembe nzito. Kwa hivyo, nusu nyeupe ni nzito kuliko nusu nyeusi.

Kabla ya kurutubishwa, yai hushikamana na utando unaolizunguka, na linaweza kukaa vyovyote vile: ncha nyeusi ikiwa juu, chini au ubavuni. Mara tu mbegu ya kiume inapoingia, utando huo huinuka na kuachana na yai, na nafasi yenye majimaji hutokea baina yao. Yai sasa huwa huru kuzunguka ndani ya utando wake. Katika muda usiozidi nusu saa, mayai yote yaliyorutubishwa huwa yamegeuka, ncha nyeupe chini na ncha nyeusi juu, mithili ya mashua zilizojazwa shehena tumboni. Mtu yeyote aliyewahi kuyatazama mayai ya chura kidimbwini atakumbuka jinsi yanavyoonekana meusi yote yakitazamwa kutoka juu.

Hapa pana athari ya kwanza ya uvutano, nayo haina ubishi. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba mpangilio wa nusu mbili haukuletwa na uvutano. Ulijengwa ndani ya mwili wa mama, wakati yai lilipokuwa likikomaa, na mayai ndani ya ovari huelekea kila upande. Uvutano huligeuza tu yai ambalo limekwisha kupangwa.

Jambo la pili la kutilia maanani ni kwamba ncha nyeusi iliyo juu si mgongo wa chura mtarajiwa. Ncha hizo mbili hutoa mhimili mmoja tu. Mhimili wa mgongo na tumbo hupatikana baadaye, na mgongo huchomoza ubavuni mwa yai, karibu na mpaka wa nyeusi na nyeupe. Yai la chura ni la mviringo kuuzunguka mhimili wake wa kwanza. Kila upande wa mzingo huo unaweza kuwa mgongo. Ni nini basi kinachouteua upande mmoja na kuziacha pande nyingine zote? Swali hili ndilo lililowagawanya wataalamu.

3.0 Mjadala wa Pflüger na Roux

Mnamo mwaka 1883, mwanafiziolojia Eduard Pflüger wa Bonn, Ujerumani, aliyarutubisha mayai ya chura kwa maji machache mno, hivi kwamba ute wake haukuvimba na mayai hayakuweza kugeuka. Aliyaweka yakiwa yameinama, mengine yakiwa na ncha nyeupe juu. Alitarajia kwamba mgawanyiko wa seli ungeufuata mhimili wa yai. Haikuwa hivyo. Mgawanyiko wa kwanza na wa pili ulikwenda wima na wa tatu ukawa wa mlalo, kana kwamba seli zilifuata timazi ya mwashi badala ya rangi ya yai. Pflüger alihitimisha kwamba yai halina mpangilio wake wa ndani, na kwamba uvutano ndio unaoamua sehemu ipi iwe kiungo gani.

Hitimisho hilo lilipingwa upesi. Gustav Born, aliyekuwa Breslau, mji ambao leo huitwa Wrocław nchini Poland, aliyakata mayai yaliyoinamishwa na kuyachunguza ndani. Aligundua kwamba ingawa ngozi ya yai ilikuwa imezuiwa, vilivyomo ndani havikuzuiwa: chakula kizito kilikuwa kimeteremka na majimaji mepesi yakapanda. Kwa maneno mengine, mpangilio wa ndani ulikuwepo. Uvutano uliuhamisha tu. Naye Wilhelm Roux, katika mji uo huo, aliyafunga mayai kwenye gurudumu lililozunguka polepole kwa wima mwaka 1884, ili upande wa chini ubadilike kila wakati na pasiwepo mwelekeo mmoja wa uvutano. Mayai yakakua kama kawaida. Kwa Roux, jibu lilikuwa bayana: uvutano hauhitajiki.

Mwaka 1894 Oscar Schultze aliyatia mayai yaliyokuwa katika hatua ya seli mbili baina ya vipande viwili vya kioo, kisha akayapindua juu chini. Baadhi ya mayai hayo yalitoa viinitete pacha vilivyoungana, vingine vikiwa na vichwa viwili. Ikiwa uvutano hauna kazi, kupindua tu yai kungewezaje kuzaa kichwa cha pili? Kila upande ulikuwa na ushahidi usiokanushika, na kila upande uliuona ushahidi wa mwenzake kuwa kizuizi.

Kosa lililofichika halikuwa katika majaribio. Lilikuwa katika swali. Pande zote mbili ziliuliza iwapo uvutano una nguvu au hauna, ilhali maswali yalikuwa mawili: je, uvutano unaweza kuuteua mgongo? Na je, pasipo uvutano mgongo unaweza kupatikana? Jibu la swali moja halilazimishi jibu la lingine.

4.0 Mzunguko wa Tabaka la Nje

Karne ya 20 ilileta ufafanuzi uliokosekana. Katika joto la kadiri, yai la Xenopus huchukua takriban dakika 90 tangu kurutubishwa hadi mgawanyiko wake wa kwanza. Katika nusu ya pili ya muda huo hutokea tukio dogo lenye uzito mkubwa: tabaka la nje la yai huzunguka kwa nyuzi 30 hivi likilinganishwa na kiini kizito kilicho ndani. Katika yai la milimita 1.2, huo ni mwendo wa kama theluthi moja ya milimita. Tabaka hilo huteleza juu ya nyuzi nyembamba za protini ziitwazo mikrotubuli, ambazo hujipanga sambamba chini ya ngozi ya nusu nyeupe kama reli.

Kwa kawaida mwelekeo wa mzunguko huu huongozwa na mahali ilipoingilia mbegu ya kiume. Upande ilikoingilia mbegu, tabaka jeusi huteremka. Upande wa pili, hupanda. Katika spishi nyingi za vyura, upande huo wa pili huonyesha sehemu ya kijivu iliyopinda kama mwezi mwandamo, ambayo makala haya yataiita hilali ya kijivu. Mgongo hutokea huko, mkabala na mahali mbegu ilipopenyea. Mzunguko huzisafirisha kutoka ncha nyeupe molekuli ambazo mama aliziweka akiba, na saa chache baadaye protini iitwayo beta-katenini hulimbikana katika viini vya seli za upande huo. Seli hizo ndizo zitakazounda eneo ambalo Hans Spemann na Hilde Mangold walilidhihirisha mwaka 1924 kwa kutumia viinitete vya salamanda: kipande chake kikipandikizwa tumboni mwa kiinitete kingine, hukusanya tishu za mwenyeji na kuunda mwili wa pili.

Uvutano una nafasi gani katika tukio hili? Mnamo 1986, Jean-Paul Vincent, George Oster na John Gerhart waliyawekea mayai alama za rangi na kuupima mwendo wenyewe. Yai likiwa limegandishwa katika jelatini, ngozi haiwezi kusogea, kwa hivyo kiini cha ndani ndicho kinachozunguka. Yai likiwa huru majini, uvutano hukishikilia kiini kizito mahali pake, na ngozi ndiyo inayozunguka. Nguvu ya kusukuma hutoka ndani ya yai lenyewe. Uvutano ni kama nanga: hauiendeshi mashua, bali huamua ni kipi kitulie na ni kipi kisogee.

5.0 Ushahidi wa Yai Lililoinamishwa

Nanga hiyo, hata hivyo, inaweza kugeuka kuwa kasia. Mwaka 1980, Steven Scharf na John Gerhart wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliyamulika mayai ya Xenopus kwa mionzi ya urujuanimno upande wa ncha nyeupe. Mionzi hiyo huzuia reli za mikrotubuli zisiundike, na mzunguko hautokei. Mayai hayo yaligawanyika kama kawaida, lakini yakiachwa yalivyo hayapati mgongo. Yaliyoathirika zaidi huwa fuko la tishu za tumbo lisilo na kichwa, uti wa mgongo wala macho.

Watafiti hao waliyachukua mayai mengine yaliyomulikwa vilevile, wakayainamisha ubavu kwa muda mfupi kabla ya mgawanyiko wa kwanza. Chakula kizito kikateremka ndani ya yai, na kuteremka huko kukafanya kazi ya mzunguko uliozuiwa. Mayai yakatoa viluwiluwi kamili. Hapa uvutano ulifanya kazi ya ukombozi.

Isitoshe, hata yai zima lisilomulikwa laweza kuelekezwa upya. Yai likiinamishwa mapema, mgongo hutokea upande ulioelekezwa juu wakati wa kuinama, hata kama huo ndio upande ilikoingilia mbegu. Na Steven Black na Gerhart walionyesha mwaka 1986 kwamba mayai yakizungushwa kwenye mashine ya kasi kabla ya mgawanyiko wa kwanza, ili yavutwe kwa nguvu inayozidi uvutano wa kawaida mara nyingi, mengi hutoa pacha walioungana, kwa kuwa vilivyomo ndani husogea mara mbili kuelekea pande mbili. Fumbo la Schultze la mwaka 1894 likawa limepata ufumbuzi.

Jambo la kuzingatiwa ni wakati. Hali hii yote huwezekana zaidi kabla ya mgawanyiko wa kwanza, na uwezekano huo hupungua kwa kasi kadiri kiinitete kinavyoendelea. Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Yai la chura ni udongo unaokauka kwa saa moja na nusu.

6.0 Ushahidi kutoka Angani

Majaribio hayo yalithibitisha kwamba uvutano unaweza kuuteua mgongo. Swali la pili lilibaki: je, pasipo uvutano mgongo utapatikana? Gurudumu la Roux halikuondoa uvutano; liliutawanya tu pande zote. Mwaka 1966 mayai ya chura yalipelekwa angani katika vyombo vya Marekani vya Gemini 8 na Gemini 12, lakini yalikuwa yamerutubishwa kabla ya safari, hivyo yalianza saa zake nyeti yakiwa bado duniani.

Jaribio lililokidhi masharti lilifanyika Septemba 1992, katika safari ya chombo Endeavour iliyoandaliwa kwa ushirikiano wa Marekani na Japani, na ambayo Mae Jemison alikuwa miongoni mwa wahudumu wake. Vyura jike wanne wa Xenopus laevis walidungwa homoni ili watage, na mayai yakarutubishwa huko huko angani. Baadhi yaliachwa yaelee bila uzito. Mengine yaliwekwa kwenye mashine iliyoyazungusha ili kuigiza uvutano wa duniani, yawe kipimo cha kulinganishia. Matokeo yalichapishwa na Kenneth Souza, Steven Black na Richard Wassersug mwaka 1995.

Mayai yasiyokuwa na uzito yaligawanyika, yakapata mgongo, kichwa na mkia, na yakawa viluwiluwi wanaoogelea. Roux alikuwa sahihi: uvutano hauhitajiki ili mwili upangike. Lakini tofauti zilikuwepo. Katika hatua ambapo kiinitete huwa tufe lenye uwazi wa maji ndani, paa la uwazi huo lilikuwa nene kuliko la viinitete vilivyokuwa kwenye mashine ya kuzungusha. Kiinitete kiliisahihisha tofauti hiyo chenyewe kadiri kilivyokua. Tofauti ya pili ilikuwa nzito zaidi: mapafu ya viluwiluwi wa angani hayakuwa yamejaa hewa. Kiluwiluwi wa Xenopus huogelea hadi juu ya maji na kumeza hewa yake ya kwanza. Pasipo uzito hakuna juu, na kiputo cha hewa hakipandi. Viluwiluwi waliorejeshwa duniani waliweza kukua na kugeuka vyura.

Matokeo haya yanafunza jambo ambalo Pflüger na Roux hawakuweza kuliona. Uvutano haukuhitajika pale walipoutafuta, yaani katika kuuteua mgongo. Ulihitajika baadaye, mwili ulipokwisha kuumbika, ili kiumbe aijue njia ya kuifikia pumzi yake.

7.0 Suala la Lugha

Kwa wasomaji wa jarida hili, mjadala huu una funzo la kiisimu pia. Uandishi wa sayansi katika Kiswahili umewekewa misingi ya istilahi, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Hata hivyo, istilahi pekee hazitoshi. Uteuzi wa maneno ya kawaida nao hubeba hoja au huipotosha. Mifano mitatu itatosha.

Mosi, hatuna budi kutenganisha uvutano na uzito. Ni kawaida kusikia kwamba angani hakuna uvutano. Katika kimo cha kilomita 300 hivi, ambako vyombo kama Endeavour vilizunguka, uvutano wa dunia bado ni takriban asilimia 90 ya ule wa ardhini. Chombo na vyote vilivyomo huanguka pamoja bila kukoma, ndiyo maana hakuna kinachomlemea mwenzake. Kilichokosekana ni uzito, na kauli kutokuwa na uzito ndiyo sahihi.

Pili, maneno juu na mgongo yanakaribiana katika mazoea yetu, kwa kuwa mgongo wa ng'ombe, mbuzi na chura huelekea juu. Katika yai, juu ni jina la mwelekeo unaotolewa na dunia, ilhali mgongo ni jina la sehemu ya mwili. Mfasiri anayeyachanganya humfanya msomaji aamini kwamba ncha nyeusi ndiyo mgongo.

Tatu, mwandishi anayesema kwamba uvutano huamua umbo la chura amechukua upande wa Pflüger pasi na kujua. Anayesema kwamba hauna athari amemfuata Roux kupita kiasi. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuipima kauli: huathiri, huelekeza, huwezesha, huzuia, huamua, huhitajika. Kimojawapo kikikosewa, si mtindo tu unaoharibika. Matokeo ya majaribio yenyewe hugeuzwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uvutano hufanya kazi kwa viwango tofauti katika saa za mwanzo za chura. Huligeuza yai, ncha nyeupe ikawa chini. Hukishikilia kiini kizito wakati ngozi ya yai inapozunguka. Mzunguko ukishindikana, nao yai likainamishwa, huweza kuuteua mgongo badala yake. Na ukikosekana kabisa, yai hutumia nyenzo zake lenyewe na kufika lilikokuwa likienda. Kiumbe aliyeumbika chini ya nguvu isiyokoma hakujifunga kwayo peke yake. Anazo njia mbili za kuupata mgongo wake, na mojawapo ikifungwa, nyingine hubaki wazi.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa idara za biolojia na fizikia katika kuandika maelezo ya aina hii. Mwanabiolojia atatuzuia tusiite mgongo kisicho mgongo, nasi tutamsaidia kukiteua kitenzi kinachoibeba maana aliyoikusudia, bila kuizidisha wala kuipunguza.